Je, Kanisa lilimchoma moto Galileo? Jibu kwa mwalimu wa Morogoro

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wawili wa kidato cha tatu walibishana darasani. Mmoja alisema Kanisa Katoliki lilimchoma moto Galileo kwa sababu alisema dunia ni mviringo. Mwenzake akajibu kwamba hayo ni maneno ya maadui wa Kanisa, na kwamba Kanisa halijawahi kupinga elimu. Nilikosa jibu la uhakika. Naomba unieleze kilichotokea, na kwa nini taasisi yenye wasomi wengi kiasi kile ilikataa jambo ambalo leo tunalifundisha watoto wa shule ya msingi. Je, Kanisa lilikiri kosa?

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwa swali lako, na nashukuru zaidi kwamba hukuwajibu vijana wako kwa kubahatisha. Wote wawili wamekosea. Wa kwanza amekosea habari yenyewe lakini amehisi kwamba kulikuwa na dhuluma, na wa pili, kwa kuipenda imani yake, ameifuta dhuluma hiyo kabisa. Nitaanza na makosa ya wa kwanza kwa kuwa ni mepesi kuyasahihisha, kisha nitakaa zaidi kwenye sehemu ya swali lako inayouliza kwa nini.

Galileo Galilei hakuchomwa moto. Alifariki tarehe 8 Januari 1642 nyumbani kwake Arcetri, nje kidogo ya mji wa Florence, akiwa na umri wa miaka 77, kipofu, na akiwa bado chini ya kifungo cha nyumbani. Aliyechomwa moto ni Giordano Bruno, aliyekuwa mtawa wa shirika la Wadominiko, katika uwanja wa Campo de' Fiori mjini Rome tarehe 17 Februari 1600. Bruno naye aliamini kwamba dunia huzunguka jua na kwamba kuna ulimwengu nyingi zisizo na idadi, lakini mashtaka mazito dhidi yake yalihusu imani: Utatu Mtakatifu, umungu wa Kristo, Ekaristi. Watu wengi huwachanganya wawili hawa, na mwanafunzi wako si wa kwanza. Kuhusu umbo la dunia, hapakuwa na ugomvi wowote. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliutaja umviringo wa dunia kwenye kurasa za mwanzo za kazi yake kubwa ya teolojia kama mfano wa jambo ambalo elimu mbili tofauti hulithibitisha kila moja kwa njia yake, yaani alilichukulia kuwa linajulikana na kila msomi. Ubishi wa wakati wa Galileo ulikuwa mwingine: dunia imetulia katikati ya vyote, au inakwenda?

Hapo ndipo mwanafunzi wako wa pili anapopata nusu ya haki yake. Wazo kwamba dunia inakwenda lilitolewa kwa ukamilifu na mtu wa Kanisa. Nicolaus Copernicus alikuwa kanoni, yaani mmoja wa wasimamizi, wa kanisa kuu la Frombork, katika nchi ambayo leo ni Polandi. Mwaka 1536 kardinali mmoja wa Rome, Nikolaus Schönberg, alimwandikia barua akimsihi awapatie wasomi uvumbuzi wake, na kitabu kilipotoka mwaka 1543 kilikuwa na barua hiyo ndani yake, pamoja na maneno ya kukitabaruku kwa Papa Paulo wa Tatu. Kwa zaidi ya miaka 70 kitabu hicho kilisomwa bila kupigwa marufuku na Rome. Kanisa lilikuwa na sababu zake za kuwalea wanajimu, yaani wachunguzi wa mwendo wa jua, mwezi na nyota, kwani bila hesabu sahihi za mbingu haliwezi kupanga tarehe ya Pasaka. Ndiyo maana Papa Gregori wa Kumi na Tatu, akisaidiwa na Christopher Clavius, padri wa shirika la Wajesuiti, na wenzake, alirekebisha kalenda mwaka 1582, na kalenda hiyo ndiyo inayoning'inia ukutani mwa darasa lako.

Hata baada ya hukumu ya Galileo uhusiano huo haukukatika. Ukiingia katika kanisa la San Petronio mjini Bologna utakuta mstari wa shaba na marumaru sakafuni, wenye urefu wa zaidi ya mita 60, uliochorwa na Giovanni Domenico Cassini mwaka 1655. Juu darini kuna tundu dogo. Saa sita mchana mwali wa jua hupenya katika tundu lile, ukashuka katika giza la kanisa na kuangukia sakafuni kama sahani ya mwanga, na sahani hiyo husogea polepole mpaka ikaukata mstari. Katika majira ya baridi huukata mbali, katika majira ya joto huukata karibu, na kwa kupima upana wa sahani hiyo mwaka mzima Cassini aliweza kulinganisha hesabu za mnajimu Mjerumani Johannes Kepler na zile za kale. Basi anayesema Kanisa lilichukia elimu hajafika Bologna.

Kwa nini basi taasisi hiyo hiyo ilimpigisha magoti mzee wa miaka 69?

Jibu langu ni kwamba chanzo cha ugomvi kilikuwa ndani ya Biblia zaidi kuliko angani. Swali lililowauma watu wa Rome lilikuwa: nani ana haki ya kusema aya hii ya Maandiko ina maana gani? Tangu Martin Luther aanze harakati zake mwaka 1517, Kanisa Katoliki lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya Ujerumani, nchi za Skandinavia, Uingereza na miji mingi ya Uswisi, na kila aliyejitenga alijitenga akiwa na Biblia mkononi akidai anaisoma vizuri kuliko Papa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulijibu dai hilo mwaka 1546 kwa kuamuru kwamba katika mambo ya imani na maadili mtu yeyote asifasiri Maandiko kinyume cha maana inayoshikwa na Kanisa au kinyume cha kauli moja ya Mababa wa Kanisa, yaani walimu wake wa karne za mwanzo. Amri hiyo ilikuwa ukuta wa kujikinga. Nyuma yake kulikuwa na vyombo viwili vya kuulinda: Baraza la Kuhukumu Wazushi, lililoundwa upya mjini Rome mwaka 1542, na Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, ambayo Papa Paulo wa Nne aliitoa mwaka 1559.

Ni muhimu wanafunzi waelewe jinsi vyombo hivyo vilivyofanya kazi, maana huwa tunawaza mateso na moto tu. Kazi ya kila siku ya Baraza ilikuwa karatasi. Mtu hupeleka taarifa kwamba fulani amesema jambo la kutilia shaka. Taarifa hufunguliwa jalada. Wanateolojia washauri hupewa maneno yale wayapime. Makardinali hukutana na kuamua. Uamuzi hupelekwa kwa Papa. Na jalada huhifadhiwa. Hakuna kinachosahauliwa. Kitabu nacho hakikuchapwa mpaka msomaji aliyewekwa na Kanisa akipitie na kutia idhini yake kwenye kurasa za mwanzo. Mfumo wa namna hii ni hodari sana katika kulinda yaliyokwisha kusemwa, na ni mzito mno unapotakiwa kurudi nyuma.

Galileo aliingia katika mfumo huo akiwa mtu mwenye heshima kubwa. Mwaka 1610 alitangaza aliyoyaona kwa darubini yake: milima juu ya mwezi, na nyota ndogo nne zinazoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupita). Baadaye mwaka huo akaona kwamba sayari ya Zuhura hubadilika kama mwezi, kutoka hilali hadi duara kamili, jambo lisilowezekana ikiwa Zuhura haizunguki jua. Mwaka 1611 Wajesuiti wa chuo chao cha Rome walithibitisha aliyoyaona na wakamfanyia hafla ya heshima. Hakuna aliyemtisha.

Mambo yalianza kuharibika alipogusa Maandiko. Wapinzani wake walimtolea kitabu cha Yoshua sura ya 10, ambamo Yoshua analiamuru jua lisimame, na Zaburi ya 104 inayosema nchi imewekwa juu ya misingi yake isitikisike. Desemba 1613 Galileo alimwandikia rafiki yake Benedetto Castelli, mtawa Mbenedikto, barua ndefu akieleza kwamba Biblia haiwezi kukosea, lakini wanaoifasiri wanaweza, na kwamba Roho Mtakatifu alisema na watu kwa lugha waliyoizoea. Hoja hii haina ugumu kwa mtu anayesema Kiswahili. Sisi husema jua limechomoza na jua limezama, na mwalimu wa jiografia husema hivyo hivyo anapotoka kazini jioni, wala hakuna anayemwita mwongo. Galileo alidai kwamba Yoshua naye alisema hivyo.

Binafsi naona Galileo alikuwa sahihi, na hoja yake haikuwa ngeni. Mtakatifu Augustino alikwisha kuonya, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, kwamba Mkristo asitumie Maandiko kusema mambo ya mbingu na nyota kiholela na kuchekwa na wanaoyajua. Lakini Augustino alikuwa askofu. Galileo alikuwa mlei, yaani si padri wala mtawa, mwalimu wa hisabati, na sasa alikuwa anawafundisha mapadri namna ya kusoma Biblia, miaka isiyofika 70 baada ya amri ile ya Trento. Desemba 1614 Mdominiko Tommaso Caccini alimshambulia kutoka mimbarini mjini Florence, na miezi michache baadaye nakala ya barua ile ilikuwa imefika mezani pa Baraza huko Rome. Jalada likafunguliwa.

Hapa anaingia mtu ambaye ningependa wanafunzi wako wamtazame kwa makini, Kardinali Roberto Bellarmino. Alikuwa Mjesuiti, msomi mkubwa kuliko wengi wa zama zake, na mtu wa maisha ya unyofu. Aprili 1615 alimwandikia mtawa Mkarmeli, Paolo Antonio Foscarini, aliyekuwa ametoa kitabu kidogo cha kuyapatanisha Maandiko na Copernicus. Bellarmino alisema kwamba kama kungekuwa na uthibitisho wa kweli kuwa dunia huzunguka jua, basi ingebidi kuyaeleza kwa uangalifu mkubwa Maandiko yanayoonekana kupinga, na kusema heri hatujayaelewa kuliko kusema kilichothibitishwa ni uongo. Ila yeye hajaonyeshwa uthibitisho huo, na hataamini upo mpaka aonyeshwe.

Mwalimu, ukweli ni kwamba mwaka 1615 uthibitisho huo haukuwapo. Sura za Zuhura zilibomoa mfumo wa kale wa Ptolemaio, ambamo vyote huzunguka dunia, lakini zililingana vilevile na mfumo wa mnajimu Tycho Brahe, ambamo sayari huzunguka jua na jua pamoja na sayari zake huzunguka dunia iliyotulia. Kama dunia inakwenda, nyota zingepaswa kuonekana zikisogea kidogo kati ya majira na majira, na hakuna aliyeweza kuona msogeo huo. Ulikuja kupimwa na Friedrich Bessel mwaka 1838. Hoja ambayo Galileo aliitegemea kuliko zote ilikuwa maji ya bahari kujaa na kupwa, ambayo alidai husababishwa na mwendo wa dunia. Hoja hiyo ilikuwa mbovu. Ingetaka maji yajae mara moja tu kwa siku, ilhali mvuvi yeyote wa Bagamoyo anajua kwamba hujaa mara mbili, na kwamba bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, katikati yake. Kepler alikwisha kusema kwamba ni mwezi unaovuta maji, na Galileo akalidharau wazo hilo.

Kwa hiyo Bellarmino alikuwa na haki ya kudai ushahidi, na mwanasayansi wa leo angeudai vilevile. Kosa la Kanisa, kwa maoni yangu, lilitendwa katika hatua iliyofuata. Lilidai ushahidi, kisha likafunga njia ya kuutafuta. Februari 1616 wanateolojia washauri 11 walipewa siku chache kupima kauli mbili, kwamba jua limetulia na kwamba dunia inakwenda. Tarehe 24 walijibu kwamba kauli ya kwanza ni upuuzi katika falsafa na ni uzushi dhahiri kwa kuwa inapingana na Maandiko. Hawakuita mnajimu yeyote awaeleze. Tarehe 5 Machi amri ya Orodha ilitangaza kwamba fundisho hilo ni la uongo na ni kinyume cha Maandiko; kitabu cha Foscarini kikapigwa marufuku kabisa, na cha Copernicus kikasimamishwa mpaka kisahihishwe. Tangu siku hiyo Mkatoliki aliyetaka kuleta ushahidi alioudai Bellarmino alikuwa anatetea jambo lililokatazwa.

Galileo mwenyewe aliitwa na Bellarmino tarehe 26 Februari 1616, na yaliyotokea katika chumba kile ndiyo yaliyokuja kumponza. Papa Paulo wa Tano alikuwa ameagiza kwamba Bellarmino amwonye aliache wazo hilo, na akikataa tu ndipo kamishna mkuu wa Baraza ampe amri kali zaidi. Zimebaki karatasi mbili. Ya kwanza ni hati ambayo Bellarmino alimwandikia Galileo kwa mkono wake Mei 1616, ikisema kwamba hakuapishwa wala hakupewa adhabu, bali alijulishwa tu tamko la Kanisa kwamba fundisho hilo halifai kutetewa wala kushikwa. Ya pili ni kumbukumbu iliyomo ndani ya jalada, isiyo na saini ya Galileo, ikisema kwamba mara tu Bellarmino alipomaliza, kamishna mkuu alimwamuru asishike, asifundishe wala asitetee wazo hilo kwa namna yoyote ile, kwa maneno wala kwa maandishi. Karatasi hizi hazisemi jambo moja. Jalada likarudishwa rafuni, na Bellarmino akafariki mwaka 1621.

Mwaka 1623 Kardinali Maffeo Barberini alichaguliwa kuwa Papa Urbano wa Nane. Alikuwa amemsifu Galileo kwa shairi, na mwaka uliofuata alimkaribisha mazungumzoni mara sita. Galileo alitoka akiamini ameruhusiwa kuandika juu ya mifumo yote miwili ilimradi asikate shauri, na ilimradi aitaje hoja aliyoipenda Papa, kwamba Mungu ni mwenye uwezo wote na anaweza kuyasababisha tunayoyaona kwa njia nyingi zilizo nje ya akili zetu. Kitabu cha majadiliano kikatoka Florence mwaka 1632, kikiwa na idhini za kuchapishwa. Ndani yake mtetezi wa Copernicus hushinda karibu kila mahali, na hoja ya Papa imewekwa mwishoni kinywani mwa Simplicio, mhusika ambaye kitabu kizima amekuwa akishindwa. Sidhani Galileo alikusudia kumtukana Papa, lakini alikosa busara, na wakati ulikuwa mbaya. Vita vya Miaka Thelathini kati ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Ulaya vilikuwa vikiwaka, na Machi mwaka huo huo Kardinali Gaspare Borgia alikuwa amemshutumu Papa mbele ya makardinali wenzake kwamba halindi imani dhidi ya Waprotestanti. Papa anayeshutumiwa kwa ulegevu hakuweza kuonekana akimwachia rafiki yake.

Jalada la 1616 likatolewa rafuni. Galileo alifika Rome katika majira ya baridi, mgonjwa, na tarehe 12 Aprili 1633 alihojiwa kwa mara ya kwanza. Aliitoa nakala ya hati ya Bellarmino. Waliomhoji wakamsomea maneno ya kumbukumbu isiyotiwa saini. Akajibu kwamba hakumbuki kuambiwa asifundishe, wala maneno ya kwamba kwa namna yoyote ile. Mtu pekee ambaye angeweza kukata shauri alikuwa kaburini kwa karibu miaka 12. Mwishoni mwa Aprili Galileo alikubali kwamba kitabu chake kilitetea kupita kiasi. Tarehe 21 Juni alihojiwa akitishwa kwa maneno kwamba atateswa, ingawa hakuteswa, na tarehe 22, katika nyumba ya Wadominiko ya Santa Maria sopra Minerva, alipiga magoti akasomewa hukumu kwamba anashukiwa vikali kwa uzushi, kisha akaisoma karatasi ya kukana na kulaani kwamba dunia inakwenda. Kati ya makardinali 10 waliokuwa waamuzi, saini zilizopo ni za 7. Yale maneno maarufu kwamba alinong'ona "hata hivyo inakwenda" hayamo katika kumbukumbu yoyote ya kesi.

Kitabu kilipigwa marufuku, akafungwa nyumbani, na akaamriwa kusali Zaburi saba za toba kila juma kwa miaka mitatu. Binti yake, mtawa Maria Celeste, alijitwika mzigo huo wa sala kwa niaba ya baba yake. Alifariki Aprili 1634, akiwa na miaka 33. Papa aliagiza hukumu isambazwe kwa mabalozi wake na isomwe mbele ya walimu wa hisabati. Mwanafalsafa René Descartes, aliyekuwa Uholanzi, alipopata habari hiyo alikifungia kitabu chake juu ya ulimwengu bila kukichapisha. Galileo mwenyewe hakunyamaza: kitabu chake bora zaidi, kinachohusu mwendo na uimara wa vitu, kilichapwa Leiden, katika nchi ya Waprotestanti, mwaka 1638.

Umeuliza kama Kanisa lilikiri kosa. Lilirudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo. Mwaka 1758 katazo la jumla dhidi ya vitabu vinavyofundisha mwendo wa dunia liliondolewa katika Orodha, lakini vitabu vilivyotajwa kwa majina vilibaki. Mwaka 1820 padri Giuseppe Settele, profesa wa Rome, alinyimwa idhini ya kuchapa kitabu cha kiada kwa sababu kilisema dunia inakwenda, ingawa wakati huo wanajimu wa Ulaya hawakuwa na shaka tena. Baraza lenyewe lilimtetea dhidi ya mkaguzi, na mwaka 1822 likaruhusu. Orodha ya mwaka 1835 ndiyo ya kwanza isiyo na majina ya Copernicus na Galileo, na Orodha yenyewe ilifutwa mwaka 1966. Tarehe 31 Oktoba 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili, akihitimisha kazi ya tume aliyoiunda mwaka 1981, alitamka hadharani kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea kwa kutotofautisha Maandiko Matakatifu na ufafanuzi wao wa Maandiko hayo. Ni hoja ile ile ya barua kwa Castelli, iliyoandikwa karibu miaka 380 kabla yake.

Kwa somo lako, ningekushauri uandike ubaoni maneno ya karatasi mbili za 1616, hati ya Bellarmino upande mmoja na kumbukumbu ya jalada upande wa pili, uwape wale vijana wawili waliobishana kazi ya kuwa waamuzi, na kila mmoja aeleze angetia saini hukumu ile au angekaa na wale watatu ambao saini zao hazipo.